Giza la turubai linavyouhadaa mmea wa bangi kuchanua kabla ya wakati

KATIKA milima ya kaskazini mwa jimbo la California, nchini Marekani, jua la mwezi Juni huchelewa kuzama hadi karibu saa tatu usiku. Hata hivyo, kwa mimea mingi ya bangi inayolimwa huko kwa leseni, usiku huingia mapema zaidi. Ifikapo saa moja jioni, jua likingali linawaka, wakulima huvuta maturubai mazito meusi juu ya mabanda yao, na hawayaondoi hadi saa moja asubuhi.

Lengo si kuyaficha mashamba machoni pa polisi. Wapiga kura wa jimbo hilo waliruhusu bangi kwa matumizi ya tiba mwaka 1996, wakaihalalisha kwa watu wazima mwaka 2016, na maduka yakaanza kuiuza rasmi Januari 2018, ingawa sheria ya shirikisho haijaikubali kama bidhaa ya starehe. Turubai lina kazi nyingine: kuufanya mmea uamini kwamba majira ya joto yamekwisha na kwamba hauna budi kutoa maua kabla haujachelewa.

Kwa mkulima wa huko, hilo ni suala la riziki. Kinachouzwa katika bangi ni ua la mmea jike, na mmea uliosheheni majani bila maua hauna soko. Katika nchi za kaskazini, mmea huo hupandwa majira ya kuchipua, hujaza matawi na majani kipindi chote ambacho mchana ni mrefu, na huanza kuchanua mwezi Agosti usiku unapoanza kurefuka. Maua huchukua takriban miezi miwili kukomaa. Mavuno ya asili, kwa hiyo, huangukia mwishoni mwa Septemba na mwezi Oktoba.

Oktoba ni mwezi wenye mitihani yake. Mvua za kwanza za pwani ile huanza kunyesha, unyevu huingia katikati ya maua yaliyoshonana, na ukungu unaweza kuozesha kwa siku chache kazi ya miezi sita. Ni msimu pia wa mioto ya misitu, ambapo moshi hutanda juu ya mashamba. Zaidi ya hayo, kila mtu huvuna wakati mmoja, ghala hujaa, na mnunuzi ndiye anayepanga bei. Bei ya jumla ilipoporomoka mwaka 2021 na 2022, wakulima wengi wadogo walishindwa kuendelea.

Aliyefunika mimea yake tangu Mei huvuna Julai au mwanzoni mwa Agosti, soko likiwa bado na njaa. Eneo lile lile hupandwa tena, na mazao ya pili huiva kwa kufuata majira bila kufunikwa. Shamba moja, leseni moja, mavuno mawili. Ni vigumu kumlaumu anayekubali kuvuta turubai kila jioni kwa ajili ya hesabu hiyo.

Jambo la kushangaza ni kwamba mmea wa bangi wenyewe ulikuwa miongoni mwa mimea ya kwanza kumfunulia binadamu siri hii. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, mtafiti Mfaransa Julien Tournois alikuwa akichunguza bangi na hopsi, mmea ambao maua yake hutiwa katika bia. Aligundua kwamba miche iliyopewa mwanga wa saa chache tu kwa siku ilichanua ikiwa bado michanga kabisa. Kufikia mwaka 1914 alikuwa ameandika kwamba sababu haikuwa kufupika kwa mchana bali kurefuka kwa usiku. Mwaka huo huo vita vikazuka, naye akauawa vitani, na kauli yake ikasahaulika kwa muda mrefu.

Sifa kubwa zikaenda Marekani. Wightman Garner na Harry Allard, watafiti wa Wizara ya Kilimo waliokuwa wakifanya kazi katika shamba la majaribio la Arlington, Virginia, walikuwa na aina ya tumbaku iliyowasumbua. Ilirefuka zaidi ya mita tatu wakati wa joto bila kutoa hata ua moja, lakini ilipopandwa ndani ya banda la vioo wakati wa baridi ilichanua ikiwa fupi. Walijaribu kubadili joto, maji na mbolea bila mafanikio. Mwaka 1918 wakajenga kibanda kidogo kisichopitisha mwanga, wakawa wanaiingiza mimea humo alasiri na kuitoa asubuhi. Tumbaku ikachanua katikati ya majira ya joto. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1920, na turubai la California la leo ni mjukuu wa kibanda kile.

Kwa miaka mingi mimea ya namna hiyo iliitwa mimea ya mchana mfupi, na jina hilo limebaki vitabuni ingawa linapotosha. Mwaka 1938, Karl Hamner na James Bonner walifanya jaribio rahisi kwa kutumia gugu moja ambalo mbegu zake zenye miiba hung'ang'ania nguo za wapita njia. Walipoukatiza mchana kwa kipindi cha giza, hakuna kilichobadilika. Walipoukatiza usiku mrefu kwa mwanga wa muda mfupi tu, gugu likakataa kuchanua. Ikadhihirika kwamba kinachohesabiwa na mmea ni urefu wa giza lisilokatizwa.

Mmea huhesabuje bila kuwa na macho wala saa? Jibu liko katika majani. Ndani yake mna kemikali iitwayo fitokromu, ambayo watafiti wa kituo cha Beltsville, Maryland, waliifuatilia katika miaka ya 1950 hadi wakafanikiwa kuitambua. Mwanga wa jua, hasa ule mwekundu, huigeuza kuwa katika hali moja. Giza huirejesha taratibu katika hali nyingine. Kwa kulinganisha mabadiliko hayo na saa yake ya ndani, ambayo huzunguka kwa takriban saa 24 kama ilivyo kwa viumbe wengi, jani hutambua kama usiku umekuwa mrefu kiasi cha kutosha.

Likisharidhika, jani hutuma ujumbe kwenye ncha za matawi. Mtafiti wa Kisovieti Mikhail Chailakhyan alitabiri kuwapo kwa mjumbe huyo katika miaka ya 1930 na kumpa jina la florijeni, lakini alitafutwa kwa karibu miaka 70. Mwaka 2007 ndipo tafiti zilipothibitisha kwamba ni protini ndogo inayotengenezwa katika jani na kusafiri pamoja na utomvu hadi kwenye kichipukizi, ambako huamuru kitengeneze ua badala ya jani.

Elimu hiyo inaeleza kwa nini kazi ya turubai haina mzaha. Tundu dogo linalopitisha mwanga wa taa ya jirani linaweza kuharibu hesabu ya usiku mzima. Mmea uliopokea ishara zinazogongana huweza kurudi kwenye kutoa majani, au jike likatoa viungo vya dume na kuwa huntha, hapo maua yakajaa mbegu na thamani yake ikashuka. Giza nalo lina gharama zake: chini ya plastiki nyeusi joto hupanda na unyevu hujikusanya, yaani yale yale mazingira yanayopendwa na ukungu uliokuwa ukikimbiwa. Wenye mitaji hufunga mitambo inayovuta mapazia yenyewe na feni za kupitisha hewa. Wasio nayo huvuta kwa mikono, asubuhi na jioni, Jumapili na sikukuu, kwa wiki nane au zaidi.

Zipo pia aina za bangi zenye asili ya maeneo ya kaskazini mwa Ulaya na Asia ambazo huchanua kwa umri wake bila kujali giza, lakini hizo ni habari nyingine.

Wakazi wa Afrika Mashariki hawana haja ya turubai, na sababu ni jiografia. Jijini Nairobi tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi kabisa wa mwaka haifiki hata robo saa. Dar es Salaam, iliyo kusini zaidi, tofauti hiyo haitimizi saa moja. Usiku wa takriban saa 12, ambao mkulima wa California huununua kwa plastiki na jasho, hapa hutolewa bure mwaka mzima. Ndiyo maana bangi inayooteshwa kwa siri Tarime au Arumeru, ambako mamlaka za Tanzania zimekuwa zikiteketeza mashamba, haingoji Agosti ili ichanue. Ieleweke kwamba kilimo hicho ni kosa la jinai Tanzania chini ya sheria ya mwaka 2015 na Kenya chini ya sheria ya mwaka 1994.

Lakini usiku huo wa bure una watu wanaoukimbia. Kandokando ya Ziwa Victoria nchini Uganda kuna mashamba makubwa yanayozalisha vipandikizi vya krisanthemamu, ua ambalo, kama bangi, husubiri usiku mrefu ili lichanue. Biashara yao ni kukata vichipukizi vichanga na kuvisafirisha kwa ndege hadi Ulaya, ambako hupandwa na kukuzwa. Mmea mama ukianza kutoa maua, vichipukizi vyake havifai tena. Kwa hiyo mashamba hayo huwasha taa katikati ya usiku na kuugawa vipande viwili, ili mmea usipate giza la kutosha kukamilisha hesabu yake. Wapo wanaowasha na kuzima kwa vipindi vya dakika chache, kwa kuwa mmea huhadaika vile vile na bili ya umeme hupungua.

Kipandikizi hicho hicho kikifika Uholanzi wakati wa joto, mkulima wa huko humvutia pazia jeusi mmea wake ili uchanue. Ua moja linaloishia kwenye chombo sebuleni huwa limewashiwa taa Uganda na kuzimiwa jua Ulaya. Waridi, fahari ya Naivasha, halina usumbufu huo. Huchanua bila kuuliza usiku una saa ngapi, na pengine hiyo ni sehemu ya bahati ya Kenya.

Taa zinaweza pia kumhadaa mkulima asiyekusudia. Nchini Marekani imeonekana mara nyingi kwamba soya zilizo karibu na taa za barabarani hubaki za kijani wakati shamba lote limekauka tayari kwa kuvunwa.

Kwa mkazi wa mjini anayelima kwa simu huku akifanya kazi ofisini, somo la karibu zaidi liko kwenye kitunguu. Nacho husoma urefu wa usiku, ila kwa kinyume: hutunga kichwa pale tu usiku unapokuwa mfupi kiasi kinachotakiwa na aina yake. Aina za Ulaya ya kaskazini huhitaji mchana wa saa 14 au zaidi, muda ambao haupatikani Karatu wala Kajiado hata siku moja. Aliyezipanda atapata majani marefu na mazuri, atatia mbolea na kumwagilia, na atakapong'oa hatakuta kichwa. Aina kama Red Creole na Bombay Red zilienea katika ukanda huu kwa kuwa hutosheka na mchana wa takriban saa 12. Tofauti hiyo kwa kawaida huandikwa kwenye pakiti ya mbegu, mara nyingi kwa maandishi madogo yanayoeleza kama aina husika ni ya mchana mfupi au mrefu.