Upepo Ubebao Lori

Tangu breki za upepo zilipoingia katika malori, mafundi wetu wameiita hewa iliyosongwa mtungini kwa jina la upepo, nami nalipenda jina hilo, kwa kuwa humkumbusha mwenye lori ya kwamba anachokitafuta anapokwenda kununua kompresa si chuma bali ni upepo, na upepo hupimwa kwanza kwa wingi wake, ndipo upimwe kwa nguvu zake. Hapo ndipo wengi wapotewapo. Mtu aliyekwisha kuondoa springi za chuma na kuweka mifuko ya mpira huingia dukani, akaambiwa ya kuwa kompresa hii hufika bar 10 na ile bar 12, akaichukua ya 12 kwa furaha, ilhali mifuko yake, hata lori likiwa limejaa shehena, aghalabu haihitaji zaidi ya bar 5 au 6, na jambo litakalomsumbua kila siku si kimo cha mshale wa geji, bali ni muda atakaokaa akingoja lori liinuke.

Natufanye hesabu, kwa maana pasipo hesabu maneno haya ni rai tupu. Tuchukue lori lenye mifuko minne, kila mmoja una ujazo wa lita 10, na mtungi wa akiba wa lita 40. Robert Boyle alikwisha kubainisha mwaka 1662 ya kwamba hewa, maadamu joto lake halibadiliki, shinikizo likizidi maradufu ujazo wake hupungua nusu. Kwa hiyo kila bar moja tunayoiongeza katika chombo cha lita 10 hudai lita 10 za hewa ya nje. Basi lori lililolala likivuja usiku kucha, likakutwa alfajiri limeketi chini, litadai lita 320 kuujaza mtungi hadi bar 8, na lita 200 nyingine kuitia mifuko bar 5, jumla lita 520. Kompresa ndogo ya umeme, ambayo ikikabiliwa na shinikizo kama hilo hutoa mathalani lita 30 kwa dakika, itanguruma zaidi ya robo saa, huku ikiinyonya betri ampea 20 na zaidi. Na nyingi katika hizo hazikuundwa kufanya kazi mfululizo, bali hufanya kazi kidogo na kupumzika kitambo. Kompresa iendeshwayo na injini, yenye kuvuta sentimita za ujazo 170 kwa kila mzunguko, ikizunguka mara 1,500 kwa dakika huvuta lita 255, na hata tukitoa theluthi nzima na ziada kwa ajili ya hasara za valvu na joto, hubaki kiasi cha lita 150, na lori husimama katika muda usiozidi dakika 4.

Lori kubwa lenye breki za upepo limekwisha kupewa kompresa yake kiwandani. Huendeshwa na gia za injini, hulainishwa na oili ya injini, na aghalabu hupozwa na maji yaleyale ya rejeta, kwa hiyo haina mkanda wa kukatika, na ikiwa hali yake ni njema si lazima kununua nyingine. Ila pana sharti moja ambalo sioni udhuru wa kulivunja: baina ya mitungi ya breki na mifuko ipitishwe valvu ya hifadhi, ambayo hujifunga yenyewe shinikizo likishuka chini ya kiwango, ili mfuko ukipasuka katika miteremko ya Kitonga, upepo wa breki usiandamane na upepo wa mfuko. Breki ndizo zenye haki ya kwanza.

Mashaka yako kwa lori dogo lenye breki za mafuta, ambalo halikuumbwa na kompresa yoyote. Hapa mafundi hupenda kuchukua kompresa ya kiyoyozi cha gari na kuifunga kwenye mkanda wa injini, na shauri hilo ni jema mradi ujue unachokichukua. Kompresa za zamani za York, zile zenye silinda mbili zilizosimama, zina oili yake zenyewe kitakoni, mithili ya injini ndogo, kwa hiyo huweza kusonga hewa ya kawaida miaka mingi. Nyingi za siku hizi, mfano wa zile za Sanden, hazikuumbwa hivyo; oili yake husafiri pamoja na gesi ya ubaridi na kurejea nayo, na ukiifanya ivute hewa ya nje, oili huenda isirudi tena, mpaka pistoni zikauke na kuganda. Wako wanaoidondoshea oili kwenye njia ya kuvutia hewa, lakini oili hiyo yote hatima yake ni mtungini.

Nalipata kusimama asubuhi moja katika gereji nje kidogo ya Dar es Salaam, fundi akaingia chini ya lori na kufungua koki ya mtungi. Kilichotoka kilikuwa ujiuji wa kijivu, mzito, mfano wa chai ya maziwa iliyochacha, nao ulinuka oili iliyoungua. Fundi aliusugua baina ya vidole viwili, akanionesha chembe nyeusi za masizi. Maji yale yalitoka katika hewa yetu wenyewe. Mita moja ya ujazo ya hewa ya pwani, katika joto la nyuzi 30, huchukua kwa urahisi gramu 24 za mvuke; ukizisonga mita nane ziwe moja, kisha ukaiacha ipoe, zaidi ya gramu 150 hazina pa kukaa ila kuwa maji. Ama yale masizi, sababu yake ni moto: hewa isongwayo kiasi hicho ingepita nyuzi 250 kama isingepoteza joto lolote njiani, na oili ipitayo hapo huungua. Ndiyo maana bomba la kwanza litokalo katika kompresa halifai kuwa la plastiki, bali la shaba au chuma, refu la kutosha kupoa kabla ya mtungi, na baada yake kiwekwe kichujio cha oili na kikaushio. Mimi ningalipunguza fedha za kompresa kuliko kukikosa kikaushio, kwa sababu valvu za kusawazisha kimo zina vijitundu vyembamba ambavyo ujiuji ule huviziba upesi.

Yaliyobaki ni ya spana. Klachi ya sumaku na swichi ya shinikizo, yenye kuizima bar 8 na kuiwasha bar 6, huipa kompresa nafasi ya kupumua. Na puli yake ikae sambamba kabisa na ya injini, kwani tofauti ya milimita chache hula mkanda. Kisha jioni, mtungi ukiwa umejaa, paka povu la sabuni kila kiungo, uandike kimo cha geji kwa chaki mlangoni, ufunge gereji, na kesho alfajiri ukisome tena.