Kabla ya Kupanda Parachichi, Tupige Hesabu



Baadhi ya parokia na jumuiya za Nyanda za Juu Kusini zinafikiria kupanda parachichi aina ya Hass ili zijitegemee. Ni wazo jema. Lakini sadaka ya waamini ikishaingia shambani, tunawajibika kujua itarudi lini.

Tuanze na mti wenyewe. Mche uliobebeshwa huanza kuzaa mwaka wa 3 au wa 4. Kwa nafasi ya mita 7 kwa 7, hekta moja hubeba miti 204 hivi. Mti ukizaa sana mwaka huu hutumia akiba yake ya chakula, na mwakani hutoa maua machache.

Sasa hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, tunatumia shilingi milioni 2 kila mwaka kwa miaka 3. Mwaka wa 4, tukishatoa gharama, tunabaki na milioni 2. Kuanzia wa 5, milioni 4 kila mwaka. Kwa kujumlisha tu, mtaji umerudi mwishoni mwa mwaka wa 5.

Lakini fedha ya kesho si sawa na ya leo. Kama ingeweza kuzaa asilimia 10 kwa mwaka kwingineko, shilingi 100,000 za miaka 5 ijayo zina thamani ya 62,000 hivi leo. Tukipunguza mapato na matumizi ya kila mwaka kwa namna hiyo, mtaji unarudi mwaka wa 6. Na miti ikizaa nusu tu mwaka wa 5, tunangoja hadi mwaka wa 7.

Basi, anayewaahidi wazazi kwamba mwaka wa 3 shamba litalipa ada za watoto, hajauliza mti. Tufanye nini? Tupande maharage katikati ya mistari miti ikiwa midogo, tupogoe, tuvune matunda yaliyokomaa bila kuchelewa, wala tusiweke akiba yote ya parokia shambani.

Katika falsafa tunajifunza kwamba busara ni kuchagua njia zinazofaa kufikia lengo jema. Mtunza shamba wa Injili ya Luka, sura ya 13, aliuombea mtini usiozaa mwaka mmoja zaidi. Lakini hakuomba muda tu. Aliahidi pia kuupalilia na kuutilia samadi. Nasi tusubiri hivyo, tukifanya kazi na tukijua tunasubiri miaka mingapi.