Lulimba: Injini ya gari lililokufa inaweza kuwaka tena, lakini breki zitatoka wapi?

LULIMBA, Fizi – Gari likifa kwenye barabara ya Lulimba, halizikwi. Betri hutangulia kuondoka, yanafuata matairi, kisha taa na vioo. Injini hubaki mwisho kwa sababu ni nzito, na mara nyingi ndiyo yenye uhai kuliko vyote vilivyotangulia. Ndiyo maana wazo la kutengeneza gari nyumbani kwa injini iliyotolewa kwenye mabaki si ndoto ya kichaa katika pembe hii ya Kivu Kusini. Ni hesabu, na hesabu hiyo inafaa kufanywa mpaka mwisho kabla mtu hajawasha mashini ya kuchomelea.

Lulimba iko kusini mwa Fizi, kwenye Barabara ya Taifa namba 5. Ni ile inayotoka Bukavu na Uvira, inapita Baraka na Fizi, kisha inaelekea Bendera na Kalemie. Kwenye ramani ni barabara kuu ya nchi. Mvua zikianza, inakuwa mfululizo wa madimbwi na tope la kunasa ekseli. Kuna dhahabu upande wa Misisi, kuna mihogo mashambani, na kuna eneo la afya la Kimbi-Lulimba ambalo wagonjwa wake wanapaswa kufikishwa hospitali kwa njia yoyote ile. Njia hiyo, kwa wengi, ni pikipiki. Gunia la unga na mama mwenye uchungu wa uzazi hupanda kiti kilekile.

Kwa hiyo hapa hakuna anayetafuta gari la mbio. Chombo chenye magurudumu manne, kitanda cha mbao nyuma na mwendo wa kilomita 20 kwa saa kingetosha kabisa kubadili maisha ya kijiji.

Injini ipi?

Motere, kama injini inavyoitwa na wengi huku, hupatikana kwa sura tatu.

Ya kwanza ni injini ya Land Cruiser au Hilux ya zamani. Ile ya lita 4.2 yenye silinda sita, iitwayo 1HZ, imebeba mashirika ya misaada na majeshi ya Afrika kwa miaka mingi. Haina kompyuta. Pampu yake ya mazuti hufanya kazi kwa nguvu ya injini yenyewe, na fundi mwenye spana na subira anaweza kuifuata kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ubaya wake ni ukubwa. Inataka giaboksi yake, shasi ya kuibeba, rejeta nzima na mazuti mengi. Ina pia mkanda wa ndani unaopaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu na pistoni hugongana, na injini iliyookolewa hurudi kuwa chuma chakavu kwa dakika moja.

Ya pili ni injini ya pikipiki. Ni nyepesi, ni rahisi, na vipuri vyake vinauzwa kila soko. Lakini imeundwa kupozwa na upepo wa safarini. Ukiifungia chini ya kiti cha gari zito linalotembea polepole, itapata joto mpaka pistoni ikwame. Haina gia ya kurudi nyuma, na hilo linahisiwa vizuri zaidi siku ambayo gari liko kwenye daraja la magogo na lori linakuja mbele.

Ya tatu ndiyo yenye akili kuliko zote kwa Lulimba, ingawa haina sifa mtaani: ile dizeli ya Kichina ya silinda moja inayozungusha mashini za kusaga mihogo. Aina inayojulikana zaidi, S195, ina nguvu ya farasi 12 kwa mizunguko 2,000 kwa dakika, na uzito wa karibu kilo 140. Maji ya kuipoza humiminwa juu kama kwenye sufuria, na yakipungua mtu huongeza. Haihitaji betri, kwani huwashwa kwa mkono. Haina plagi, kwa hiyo haizimwi na maji ya mto yanayorukia waya. Ukiipeleka kwa fundi yeyote wa mashini ya kusaga, ataifungua akiwa anazungumza mambo mengine.

Swali moja linatosha kuamua kati ya hizi tatu: ikiharibika Jumanne saa nane mchana, kipuri chake kiko umbali gani? Kama jibu ni Baraka, mtu anaweza kuvumilia. Kama jibu ni Dar es Salaam au Dubai, injini hiyo ni nzuri kwa mwenzako.

Kuipima kabla ya kuilipia

Injini iliyolala miaka huficha ugonjwa wake, na muuzaji humsaidia kuuficha. Kitu cha kwanza ni kuizungusha kwa mkono. Ikigoma, si lazima iwe imekufa. Mafuta kidogo humiminwa ndani ya silinda kupitia tundu la nozeli, yaachwe usiku mzima, ndipo ijaribiwe taratibu bila kuilazimisha kwa nyundo. Kisha mafuta ya chini yachunguzwe. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yamepita, na kosa linaweza kuwa gasketi tu au kichwa kizima kilichopasuka.

Dizeli huwaka kwa sababu hewa hubanwa mara karibu 20, ikapata joto la kutosha kuwasha mazuti bila cheche. Ringi za pistoni zikichakaa, hewa huponyoka na joto halifiki. Ndiyo sababu injini iliyochoka husumbua asubuhi yenye baridi lakini hucheka mchana. Mnunuzi mwerevu hufika kabla jua halijapanda, na huigusa kwanza kuona kama muuzaji hakuiwasha kabla yake.

Hesabu ya gia

Hapa ndipo miradi mingi ya nyumbani huanza kuyumba, na yafaa kukaa kidogo. Gurudumu la kawaida la gari dogo, likizunguka mara moja, husogea karibu mita 2. Injini ya mizunguko 2,000 kwa dakika ikiunganishwa nalo moja kwa moja, ingetaka kwenda mita 4,000 kwa dakika, yaani kilomita 240 kwa saa. Bila shaka haiwezi. Itazima palepale, kwa kuwa nguvu za farasi 12 haziwezi kusukuma gari lenye mzigo kwa mwendo huo.

Mwendo huo ukigawanywa kwa 10, unabaki kilomita 24 kwa saa, na nguvu ya kuvuta huongezeka kwa kiasi kilekile, ukiondoa kinachopotea njiani. Difu ya gari la kawaida hupunguza karibu mara 4. Mara mbili na nusu zilizobaki hutoka kwenye puli za mkanda au kwenye giaboksi. Giaboksi ni bora, kwa sababu mlimani dereva atahitaji kushuka gia, na bila ya kurudi nyuma hakuna gari. Difu nayo haifai kurukwa. Ekseli iliyoshikwa kama fimbo moja hulazimisha magurudumu yote mawili kuzunguka sawasawa hata kwenye kona, na tairi la ndani hukwaruza ardhi mpaka liishe.

Shasi ni suala fupi. Mwenye kuweza kupata shasi nzima ya gari lililokufa, yenye ekseli, springi na usukani wake wa asili, aichukue hivyo hivyo. Kuunganisha shasi kwa vipande vya mabomba chini ya mwembe kunawezekana, lakini nyufa hujitokeza pembeni mwa mahali palipochomelewa, na hujitokeza gari likiwa na mzigo.

Mlima hauombi ruhusa

Kuwasha injini iliyokufa ni furaha inayokusanya mtaa mzima. Hakuna anayekusanyika kutazama breki. Hata hivyo breki ndizo zinazotenganisha gari na jiwe lenye magurudumu.

Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu inayopaswa kuzimwa na breki huongezeka mara nne. Chombo kinachosimama vizuri kwa kilomita 20 kwa saa hakitasimama kwa nusu ya wepesi huo kikifika 40. Na kwenye mteremko si injini inayoamua mwendo. Ni uzito wa watu na magunia. Injini iliyounganishwa kwa mkanda inaweza hata kutosaidia kabisa, kwa sababu mkanda ukilegea au kuruka, hakuna kinachoshikilia magurudumu. Kwa hiyo breki za mafuta kwenye magurudumu yote manne, zikiwa na mipira mipya hata kama kila kitu kingine ni cha zamani, pamoja na breki ya mkono yenye waya wake wenyewe, zinastahili fedha kabla ya rangi, kabla ya viti, na pengine kabla ya injini.

Usukani unafuata. Mikono ya usukani haichomelewi. Moto wa kuchomelea hubadili chuma chake, kikawa kigumu na chepesi kukatika ghafla. Kilichopinda hutafutiwa kingine, na kila nati hutiwa pini ya kuizuia isifunguke kwa mtikisiko.

Wana wa Kivu wanalijua jambo hili kwa mfano ulio karibu. Chukudu ya Kivu Kaskazini ni chombo kilichobuniwa nyumbani na kikadumu. Ni mbao, magurudumu ya mbao yaliyovikwa mpira, na mzigo wa mamia ya kilo unaoteremka kutoka milima ya Masisi na Rutshuru hadi Goma, mji ulioisimamishia sanamu. Breki yake ni kipande cha mpira kinachokandamizwa kwa mguu kwenye gurudumu la nyuma. Hakuna cha kujivunia hapo, lakini kila sehemu ya chombo hicho hutengenezwa na mtu aliye palepale kinapoharibika.

Gari la Nyayo la Kenya halikuwa na bahati hiyo. Rais Daniel arap Moi aliwataka wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi watengeneze gari mwaka 1986, na Februari 1990 magari yakaonyeshwa Kasarani. Yalikuwa matano, na yaliweza kufikia kilomita 120 kwa saa. Kutembea yalitembea. Kiwanda cha kuyazalisha kwa wingi ndicho ambacho hakikufika. Serikali nzima, chuo kikuu na karakana za umma walikwama kwenye gari la sita. Fundi wa Lulimba ana nafuu moja: yeye anahitaji moja tu, mradi ajue kulitunza.

Karatasi na vizuizi

Sheria ya barabarani ya Kongo ni ya tarehe 30 Agosti 1978, na inadai gari liandikishwe na liwe na breki na taa zinazofanya kazi. Gari lililozaliwa uani halina karatasi ya forodha wala ya muuzaji wa kwanza. Injini ina namba ya gari moja, shasi ina namba ya jingine. Ni muhimu basi kutunza maandishi ya mauzo ya kila kipande kikubwa, yenye sahihi za mashahidi. Bila hayo, mtu mwenye injini halali hana tofauti na aliyeiba.

Mfaransa Emile Leray alilionja hilo. Kwa maelezo yake, gari lake la Citroën 2CV liliharibika katika jangwa la Moroko mwaka 1993, akalivunja na kulifanya pikipiki kwa siku 12. Askari waliomkuta walimtoza faini, kwa kuwa chombo alichopanda hakikufanana tena na karatasi zake.

Kwa Kivu Kusini faini si ya mara moja. Utafiti wa shirika la IPIS la Ubelgiji na ASSODIP la Kongo, uliotolewa mwishoni mwa 2017, uliorodhesha vizuizi 798 barabarani katika Kivu mbili, na 486 kati yake vilikuwa Kivu Kusini. Kila chombo kisicho na namba ni mazungumzo marefu kwenye kamba.

Ndiyo sababu mahali pa kwanza pa gari la aina hii ni njia za mashambani na kati ya vijiji jirani, kwa mwendo wa mtu anayekimbia. Na kabla ya abiria wa kwanza kupanda, lipakiwe magunia ya mchanga yenye uzito wa watu wanaotarajiwa, lipelekwe kwenye mteremko mkali kuliko yote ya hapo kijijini, dereva akiwa peke yake, na likanyagwe breki katikati. Jaribio hilo lirudiwe mpaka breki zipate joto, kisha lirudiwe tena zikiwa zimelowa.