Ofisi Inapomwita Mama Arudi

Asubuhi moja katika kliniki ya mama na mtoto tulimweka mzanini mtoto wa miezi mitano. Alikuwa mchangamfu, na tangu kuzaliwa kwake mstari wa uzito kwenye kadi ulikuwa ukipanda vizuri. Mwezi huo mstari ulikuwa umelala. Tulimwuliza mama yake kama mtoto alipata homa au kuharisha. Akatikisa kichwa, akainama kumfunga mtoto kanga, na machozi yakamtoka. "Sista," akasema, "wameniita ofisini."

Mama huyo ni karani wa hesabu katika kampuni moja jijini Dar es Salaam. Likizo yake ya uzazi ilipokwisha alikubaliwa kufanyia kazi nyumbani kwake Mbezi, kwa kompyuta na simu, kama walivyofanya wenzake wengi. Mtoto akilia alimnyonyesha, kisha akarudi kwenye hesabu zake. Ndipo ikaja barua pepe ya mistari michache: kuanzia Jumatatu, kila mfanyakazi awe mezani pake Posta saa mbili asubuhi, siku tano kwa juma. Tangu hapo akawa anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku. Maziwa yakaanza kupungua. Binti wa kazi, akiona mtoto analia naye hana la kumpa, akaanza kumnywesha uji mwepesi.

Majuma machache baadaye, katika kikao cha akina mama kanisani, tulilieleza jambo hili bila kumtaja mtu. Wanawake wanne wakasema kwamba nao wameitwa hivyo hivyo. Mmoja alikuwa amekwisha kuandika barua ya kuacha kazi. Tukaona yafaa tuzungumze jambo hili hapa, maana linagusa nyumba nyingi kuliko tulivyodhani.

Wito uliosikika mbali

Mpendwa msomaji, jambo hili halikuanzia kwetu. Mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipoenea, makampuni mengi duniani yaliwaruhusu watu wa ofisini kufanyia kazi nyumbani. Nchini Kenya serikali yenyewe iliwahimiza waajiri kufanya hivyo mwezi Machi mwaka huo. Ugonjwa ulipopungua, wengi waliendelea na mpango huo, wakapanga maisha yao upya kwa kuufuata. Wapo waliohamia mbali na mjini kodi ilipo nafuu, na wapo waliochukua wazazi wazee kuwatunza.

Kisha wito wa kurudi ukaanza. Kampuni ya Amazon ya Marekani iliwaambia wafanyakazi wake wa ofisini kwamba kuanzia Mei 2023 wafike kazini siku 3 kwa juma. Tarehe 31 Mei mwaka huo mamia yao walitoka nje ya ofisi mjini Seattle kuonyesha kutoridhika, pamoja na malalamiko mengine waliyokuwa nayo. Septemba 2024 mkuu wa kampuni hiyo, Andy Jassy, akatangaza kwamba kuanzia Januari 2025 zitakuwa siku zote 5. Maelezo yake yalikuwa kwamba watu wakiwa pamoja hujifunza upesi, hushauriana kwa urahisi na hushika vizuri desturi za kampuni. Zaidi ya wafanyakazi 500 walimwandikia barua mmoja wa viongozi wakuu kupinga. Agizo halikubadilika, ingawa katika baadhi ya ofisi lilicheleweshwa kwa sababu nafasi za kukaa hazikutosha. Januari 2025 serikali ya Marekani nayo iliagiza watumishi wake warudi ofisini kila siku ya kazi.

Hata kabla ya Korona jambo hili liliwahi kuzua kelele. Mwaka 2013 kampuni ya Yahoo, ikiongozwa na Marissa Mayer, iliwataka wote waliokuwa wakifanyia kazi nyumbani warudi ofisini. Akina mama wengi waliumia zaidi kwa sababu kiongozi huyo alikuwa amejifungua miezi michache kabla, na habari zilisema alijijengea chumba cha mtoto kando ya ofisi yake kwa gharama yake mwenyewe. Wafanyakazi wa kawaida hawakuwa na uwezo huo. Hivyo tusidhani kwamba mkubwa akiwa mwanamke basi shida ya mama itaonekana yenyewe. Ni lazima asemeshwe.

Je, ni uvivu?

Tukiri jambo moja. Sisi wauguzi, mara ya kwanza tuliposikia malalamiko haya, hatukuwa na huruma sana. Mgonjwa hawezi kugeuzwa kitandani kwa simu. Tangu Korona ilipoingia tulikwenda wodini kila siku, tukavua sare kwa woga kabla ya kuwagusa watoto wetu. Tulipomsikia mtu analia kwa sababu ametakiwa kukaa ofisini, tulijisemea moyoni, "Si arudi tu kama sisi?"

Ile kadi ya mtoto ndiyo iliyotunyamazisha. Muuguzi huijua zamu yake tangu mwanzo, na nyumba yake imejengwa juu ya zamu hiyo. Huyu mama alijenga nyumba yake juu ya mpango mwingine, kwa ruhusa ya mwajiri, kisha akapewa siku chache kuubomoa.

Tena yapo matokeo ya utafiti wa kutusaidia. Kampuni ya safari ya Trip.com ya Uchina iliwagawa wafanyakazi wake 1,612 katika makundi mawili. Kundi moja lilifika ofisini siku zote 5, na jingine lilifanyia kazi nyumbani siku 2 kwa juma. Matokeo yalitolewa mwaka 2024 katika jarida la kisayansi la Nature. Katika muda wa miaka 2 iliyofuatiliwa, utendaji wa makundi hayo haukutofautiana, wala upandaji vyeo. Lakini katika kundi la siku 2 za nyumbani, idadi ya walioacha kazi ilipungua kwa theluthi moja. Waliosaidika zaidi walikuwa wanawake, wasio na vyeo vya usimamizi, na wenye safari ndefu ya kwenda kazini. Basi anayeomba siku mbili za kuwa nyumbani tusimwite mvivu kabla ya kuitazama kazi yake.

Wapo waliofurahi

Hata hivyo tusiseme upande mmoja. Katika kile kikao mama mmoja alishangaza wote aliposema, "Mimi nilishukuru." Akaeleza kwamba alipokuwa nyumbani kila mtu alimwona hana kazi. Wageni walikuja saa nne asubuhi wakatarajia chai. Wifi yake alimwachia watoto. Mume alirudi akauliza mbona nguo hazijafuliwa, na yeye kazi ya ofisi akaimalizia usiku wa manane. Aliporudi ofisini alipata saa ya kuanza na saa ya kumaliza, akala chakula chake cha mchana amekaa.

Wako pia vijana wanaoanza kazi, ambao wanahitaji mkubwa wa kuwaelekeza karibu nao, na wale wanaoishi chumba kimoja na watoto, wasio na mahali pa kuweka kompyuta. Mwajiri naye ana haki ya kutaka kuona kazi yake inakwenda. Kwa hiyo hatusemi kwamba nyumbani ni pema kwa kila mtu na ofisini ni pabaya. Tunasema kwamba kila nyumba ina hesabu yake, na hesabu hiyo ni lazima ifanywe na wote waliomo.

Barua ya mmoja, mzigo wa wote

Hapa ndipo tunapotaka tukae kidogo. Barua ya kurudi ofisini huandikwa kwa mtu mmoja, lakini watakaoitekeleza ni watu wa nyumba nzima. Mtoto anyonye nini na nani ampeleke shule? Nani atakuwapo fundi akija, au bibi akihitaji dawa zake? Mama akikaa kimya, mambo yote haya humwangukia yeye alfajiri kabla hajatoka na usiku akisharudi.

Tulimwomba yule mama aje kliniki na mumewe, na juma lililofuata walikuja. Tulipomwonyesha baba mstari wa kadi, alimgeukia mkewe akasema, "Mama watoto, mbona hukuniambia?" Mkewe akajibu taratibu, "Ulinizoea niko nyumbani, ukadhani mambo yanakwenda yenyewe." Baba alinyamaza. Hatukuona dharau usoni mwake. Kweli hakuwa amejua.

Mambo ya kufanya

1. Zungumzeni nyumbani kwanza. Andikeni kwenye karatasi kila kazi iliyofanyika mchana mama alipokuwepo, kisha mgawane. Baba anaweza kumwogesha mtoto wa shule na kumpeleka. Kijana wa darasa la sita anaweza kuosha vyombo.

2. Mwendee mwajiri na ombi lenye hesabu. Badala ya kusema "Ninateseka," sema ni kazi zipi unazoweza kufanyia nyumbani, siku zipi, na utapatikana saa ngapi. Akikataa siku mbili, omba moja. Akikataa hiyo, omba kuingia na kutoka mapema ili uukwepe msongamano wa magari. Mkiwa kadhaa wenye shida moja, nendeni pamoja kwa adabu.

3. Ijue sheria. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja. Anayenyonyesha aruhusiwe muda wa kunyonyesha saa za kazi, usiozidi saa 2 kwa siku. Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa. Choo si mahali hapo.

4. Unayenyonyesha, jizoeze kukamua maziwa majuma mawili kabla ya kurudi. Nawa mikono kwa sabuni, tumia chombo safi chenye mfuniko. Kwenye joto letu la pwani yaweke maziwa katika jokofu mara moja, ambamo hukaa salama hadi siku 4. Mtoto anyweshwe kwa kikombe kilichooshwa vizuri. Ukiwa kazini kamua kila baada ya muda wa saa 3 hivi, kwani matiti yakikaa yamejaa maziwa hupungua, na yanaweza kuvimba na kuleta homa. Mtoto wa chini ya miezi 6 anahitaji maziwa ya mama tu. Uji usubiri.

5. Mkumbuke binti wa kazi. Zamani ulikuwa chumba cha pili, akikuuliza unamjibu. Sasa yuko peke yake na mtoto kutwa nzima. Mfundishe kwa upole, mwachie nambari ya simu ya jirani, na umwongezee mshahara kama umemwongezea kazi.

6. Usiandike barua ya kuacha kazi ukiwa na hasira. Pigeni hesabu ya nauli, chakula na mshahara, mwombe, mlale nayo siku kadhaa. Wapo waliochagua kuacha wakafanya vyema, na hatuwahukumu. Lakini uamuzi huo uwe wa wawili.

Mstari ulipanda tena

Yule mama alikwenda kwa meneja wake na ombi lililoandikwa. Aliomba siku mbili za kufanyia kazi nyumbani, akakataliwa. Aliomba muda wake wa kunyonyesha awe anauchukua mwisho wa siku, atoke saa tisa badala ya saa kumi na moja, akakubaliwa hadi mtoto atimize mwaka. Ofisini alipewa chumba cha kuhifadhia makaratasi akamulie humo, na ufunguo wake. Baba alikubali kuamka naye alfajiri. Yeye humvalisha mkubwa sare na kumpeleka shule, mama akinyonyesha kwa utulivu kabla ya kutoka.

Hakupata yote aliyotaka. Bado huchoka, na bado hukumbuka siku zile za Mbezi. Lakini mtoto alipofika kliniki miezi miwili baadaye alipiga kelele kwenye mzani na kutaka kuvuta kalamu yetu. Tuliweka nukta kwenye kadi, tukaiunga na ile ya mwezi uliotangulia. Mstari ulikuwa unapanda. Safari hii aliyeishika kadi na kutuuliza maana yake alikuwa baba.

Dada mpendwa, kama barua imekufikia nawe, usiifiche chini ya mto. Isome kwa sauti mezani, wote wakisikia.