Ngoma ya Nyanza ilivyonyamaza

Ukisimama Nguba, hapa Bukavu, jioni, taa za Kamembe unaweza kuzihesabu. Huko, ng'ambo ya mto Ruzizi, ndiko Wabelgiji walikompeleka Mwami Yuhi Musinga wa Rwanda walipomvua ufalme Novemba 1931. Alikataa ubatizo, na alikataa kuwa mtumishi wao. Siku chache baadaye mwanawe Rudahigwa akakalia kiti. Machifu waliendelea kudai kodi na kazi za lazima, na mkulima kilimani hakuona mzigo umepungua begani.

Miaka 30 baadaye mambo yalikuwa kinyume. Tarehe 28 Januari 1961 mabugumestri na madiwani walikutana Gitarama, wakatangaza jamhuri. Mwami Kigeli V, mrithi wa Rudahigwa, hakuwapo. Alikuwa ametoka nchini mwaka 1960, na Wabelgiji wakamzuia kurudi. Septemba ilipigwa kura ya maoni, ile Wanyarwanda wanayoiita Kamarampaka, na karibu asilimia 80 wakaukataa ufalme. Mwaka 1931 aliondoka mtu, ufalme ukabaki. Mara hii ulikwenda ufalme wenyewe, pamoja na Kalinga, ngoma ya ikulu ya Nyanza iliyokuwa roho yake.

Wengi hutafuta sababu ya tofauti hiyo ikulu au katika umati wenye mapanga. Mimi naitafuta kwa chifu mdogo wa kilimani. Mwami anatawala kwa mikono ya wengine: anayedai kodi, anayegawa shamba, anayeamua kesi. Zamani kilima cha Rwanda kiliweza kuwa na wakubwa watatu, mmoja wa ardhi, mmoja wa malisho, mmoja wa jeshi. Aliyebanwa na mmoja alikimbilia kwa mwingine. Kuanzia 1926 Wabelgiji waliviunganisha vyeo hivyo vitatu kuwa kimoja, na wakakikabidhi kwa Watutsi karibu pekee. Mlango wa kukimbilia ukafungwa. Rudahigwa mwenyewe aliona hatari: mwaka 1954 alifuta ubuhake, ule mkataba wa ng'ombe kati ya bwana na mtu wake. Lakini malisho yalibaki kwa mabwana walewale. Mtu akapewa ng'ombe wake, akakosa pa kumlisha.

Rudahigwa alifariki ghafla Usumbura tarehe 25 Julai 1959. Tarehe 1 Novemba vijana wa upande wa ufalme walimpiga Dominique Mbonyumutwa, mmoja wa machifu wadogo wachache Wahutu. Uvumi ukaenea kwamba amekufa, kumbe yu hai. Nyumba za Watutsi zikachomwa, watu wakauawa. Upande wa ufalme nao ukalipiza kisasi. Hapo akaingia Kanali Guy Logiest, Mbelgiji, na askari kutoka huku kwetu Kongo. Machifu na machifu wadogo zaidi ya 300 walikuwa wameuawa, wamekimbia au wameondolewa, na viti vyao vingi akawapa Wahutu. Uchaguzi wa komini wa 1960 ulipofika, amri ya mwami haikuwa tena na mtu wa kuifikisha kilimani. Wengine husema yalikuwa mapinduzi ya wananchi, wengine kazi ya Wabelgiji. Naona vyote viwili ni kweli: hasira ilikuwa ya wakulima, bunduki ilikuwa ya mkoloni.

Zanzibar nako mtawala aliikosa mikono yake hivyohivyo, ila kwa saa chache. Serikali ya huko ilikuwa imewaachisha kazi polisi wengi waliotoka bara. Usiku wa kuamkia 12 Januari 1964, mwezi mmoja tu baada ya uhuru, kambi ya polisi ya Ziwani ilivamiwa na silaha zikachukuliwa. Sultani Jamshid akapanda meli.

Lakini siwezi kuandika habari hii kutoka Bukavu nikaishia kwenye vyeo. Waliovuka Ruzizi kuja Kivu hawakuwa machifu tu. Walikuwa pia wakulima na wachungaji ambao hawakuwahi kumwamuru mtu yeyote, na kosa lao lilikuwa kuzaliwa Watutsi. Mapinduzi yaliyoanza kwa kudai haki juu ya cheo yalihukumu damu, na watoto wa wale waliovuka walikulia ukimbizini wakisubiri kurudi.

Na huku kwetu, bami, yaani wamwami, wa Kabare na Ngweshe, mbona bado wapo? Sheria ya ardhi ya 1973 ilisema udongo wote ni wa serikali, na sheria ya 2015 ikawatambua machifu wa kimila. Nguvu yenyewe, hata hivyo, haitoki Kinshasa. Katika Bushi, nchi ya bami hao, mtu akitaka shamba la kuwaachia watoto hutoa kalinzi, tangu zamani ng'ombe, kwa mwenye mamlaka juu ya ardhi ile, mbele ya mashahidi. Siku mpaka ukigombaniwa, hao ndio wanaoitwa waseme nani alitoa nini, na barhambo, machifu wadogo wa mwami, ndio wa kwanza kuwasikiliza.