Punje za Polima Asilia na Maji ya Turkana: Suala la Uimara na Istilahi

Neno "shanga" likitajwa Kainuk au Lodwar, msikilizaji hukumbuka mapambo ya shingoni: vitu vigumu, vyenye tundu, visivyolowa. Kwa Kiingereza, jina hilohilo hutumiwa na wanakemia kutaja vidonge laini vya polima asilia vinavyochunguzwa kwa lengo la kusafisha maji. Tafsiri sisisi inapotosha, kwa kuwa vidonge hivi havina tundu, na tatizo lake kuu ni kukosa uimara. Makala haya yanapendekeza istilahi "punje".

Punje hutengenezwaje? Aljineti, polima itokayo katika mwani wa kahawia, huyeyushwa majini kisha hudondoshwa katika maji yenye kloridi ya kalsiamu. Kila tone huganda. Ioni za kalsiamu hukaa baina ya minyororo ya polima na kuifunga pamoja, mithili ya mayai katika trei. Mfano huu ulitolewa mwaka 1973. Ndani ya punje huweza kutiwa madini yanayonasa floridi, ambayo kiwango chake katika maji ya kunywa, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, hakipaswi kuzidi miligramu 1.5 kwa lita.

Hapa ndipo penye utata. Sodiamu ikiwa nyingi, huipokonya kalsiamu nafasi yake. Punje huvimba, hulegea na hatimaye humomonyoka. Aghalabu maji ya Bonde la Ufa yenye floridi nyingi huwa pia na sodiamu nyingi na kalsiamu haba. Ziwa Turkana ni la magadi, na maji ya ardhini ya Lotikipi, yaliyotangazwa kwa shangwe mwaka 2013, baadaye yalibainika kuwa ya chumvi. Punje basi huvunjika palepale inapohitajika.

Mbinu za kuiimarisha zipo: kuongeza kiasi cha aljineti, kuchanganya na udongo wa mfinyanzi, au kuivika kitosani, polima ya magamba ya kamba, ambayo chaji yake chanya hushikamana na chaji hasi ya aljineti. Bariamu hufunga kwa nguvu kuliko kalsiamu, lakini ni sumu, hivyo haifai kwa maji ya kunywa.

Hata hivyo, punje iliyodumu katika maji yaliyokenekwa maabarani haijathibitika. Sharti ijaribiwe katika maji ya mahali itakapotumika. Istilahi nayo ni vivyo hivyo: uimara wake hupimwa kinywani mwa mtekaji maji wa Kainuk, si katika kamusi pekee.