Fahamu: Mpangaji Anapomtishia Mwenye Nyumba
Mwenye nyumba wa Maisaka, mjini Babati, ambaye mpangaji wake amezoea kumtukana na sasa anamtishia kumdhuru mbele ya majirani, hana ruhusa, hata ghadhabu yake ikiwa ya haki, ya kung'oa mlango, kutupa vyombo nje wala kukata maji. Kwani akifanya hivyo aliyedhulumiwa hugeuka kuwa mshitakiwa.

Matusi yanayoelekea kuvunja amani, na vitisho vya kudhuru, ni jinai chini ya kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu, tena ni jambo mbali kabisa na kodi, hata iwe imelipwa kamili. Basi na aende polisi bila taakhira, awe na mashahidi na ujumbe wa simu usiofutwa, na mwenyekiti wa mtaa apate habari.

Ama kumtoa nyumbani, huanza kwa notisi ya maandishi. Mpangaji akikaidi, shauri hupelekwa Baraza la Kata, ambalo tangu mwaka 2021 husuluhisha tu wala halihukumu, na siku 30 zikipita bila suluhu, mlalamikaji hufungua shauri katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, hapo hapo Babati, na akishinda, dalali wa baraza ndiye atekelezaye amri.

Linalonihuzunisha ni mapatano ya mdomo: pasipo mkataba unaotaja mwenendo mwema kuwa sharti, mwenye nyumba huhangaika kuthibitisha hata masharti yaliyovunjwa.